Fungu la Saba

"Karatasi inasema laki nne na elfu ishirini, na wewe umeleta elfu nne na mia mbili! Mwizi!"

"Nani mwizi? Soma vizuri, ng'ombe wewe!"

Nyapara na mkataji mmoja mfupi walikuwa wanafokeana kwa pamoja, panga mkononi, katikati ya shamba la miwa Mayoni. Wakataji wengine watano walikuwa wamewazunguka, na wao pia na mapanga yao. Ikabidi Navalayo, muuza chai aliyeachia chuo njiani, aitwe asome ile karatasi ya malipo. Ilikuwa imeandikwa 4200.00.

"Nyinyi nanyi! Mmeruka nukta," akasema, akacheka peke yake. "Nyuma ya nukta ni senti, na hapa senti ni sufuri. Hii ni elfu nne na mia mbili, basi."

Akakatakata muwa vipande arobaini na mbili, kila kipande shilingi mia, akavipanga mafungu saba juu ya gunia.

"Sita, sita. Kila mtu mia sita. Hakuna mwizi hapa."

Mapanga yakashuka. Yule mfupi akainamisha kichwa. "Nisamehe, mkubwa. Hesabu inanishindanga."

Nyapara alikuwa anapitisha kidole gumba polepole kwenye makali ya panga lake, mpaka tone la damu likadondokea lile fungu la saba, la yule mfupi.

"Mwalimu," akamwambia Navalayo kwa upole, "hebu tugawie tena. Saa hii weka mafungu sita."