Mkeka wa Mgeni

Lupembe, afisa wa mipango ya ardhi, alivua viatu akaketi kwenye mkeka mpya aliotandikiwa kwa heshima ya ugeni. Akaupapasa, akausifu, akauliza atapata wapi mwingine kama huo, maana mkewe angeupenda. Wanawake waliomkaribisha wakacheka kwa furaha.

Kisha akaikunjua ramani. Kinamasi chote kilichokuwa chini ya mji kilipakwa rangi ya njano, yaani viwanja vya kujenga. Alikipaka mwenyewe, ofisini, bila kukikanyaga.

"Pale hapana kitu," alisema. "Matope na vyura tu. Ardhi ya umma isilale bure."

Kicheko kikakatika. Bi Mwasiti, aliyeusuka mkeka, akauliza taratibu, "Na huu ukindu, baba, ulidhani tunaukata wapi?"

Lupembe alitafuta pa kuficha macho, lakini hata alipoinamisha uso, aliuona mkeka.

Alipoinuka kuaga, Bi Mwasiti aliukunja akampa. "Mpelekee mkwe wetu. Auanike kwanza. Ukindu husukwa ukiwa umeloweshwa, na huu tumeumaliza leo kwa ajili yako."

"Mama, siwezi kuu..."

"Mgeni hakatai zawadi."

Hakukuwa na kejeli usoni mwake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Akaliendea gari, ramani kwapa moja, mkeka kwapa la pili. Nyuma yake wanawake walikuwa wakimtazama. Hapo ndipo alipohisi suruali yake imelowa pale alipokalia, na hakuwa na mkono wa kujisitiri.