Moshi wa Bi Tunu

Wallahi hii ni kweli tupu, na aliyekusimulia vingine kakudanganya.

Bi Tunu, mchoma mihogo, alisikia redioni kuwa kuna muswada wa sheria ya tabianchi, na ukipita bungeni mkaa utapigwa marufuku. Basi alipomwona mgeni mwenye koti akimjia, alisukuma jiko chini ya kigoda, akakikalia na kulifunika jiko kwa kanga.

"Mama, tunakusanya maoni ya wananchi juu ya muswada. Wewe unachomea nini?"

"Jua," alisema Bi Tunu, akimkagua viatu.

Moshi ukaanza kumtoka shingoni.

"Na huo?"

"Homa, mwanangu. Kwani wewe umetumwa na nani hasa?"

"Basi niuzie muhogo."

"Ukaupime?"

Mgeni akaondoka akikohoa, na kanga ya watu ikabaki majivu.

"Kanga ipi, mzee mwongo?" Bi Tunu alikuwa nyuma ya msimulizi, kanga kiunoni, haina hata tundu. "Wote hapa barazani watakula mihogo, na wewe utalipa."

Msimulizi akalipa bila ubishi. Bi Tunu akainama kupuliza jiko, na kwenye ukosi wa gauni lake ukachomoza moshi mwembamba.