Sakitu Kwenye Mdomo wa Shimo

Mashine ya kukata miti ilifunga breki ghafla. Taa zake zilimmulika Hilkka, aliyelala kifudifudi kwenye theluji, kamera usoni, soli za buti zake zikiitazama injini kama vile haipo.

"Mama Hilkka, inuka," Reijo aliita akishuka. Yeye ndiye msimamizi wa wakataji, mzaliwa wa kijiji cha pili, na bibi huyu alikuwa amemchosha.

"Ngoja kwanza. Ukinisemesha nahema, na nikihema inayeyuka."

Wiki nzima ukungu ulikuwa umekilalia kilima cha Pirttivaara. Ukungu wa kwetu Kainuu wakati wa baridi hauloweshi. Unaganda juu ya chochote unachogusa, na sakitu inaota manyoya meupe kwenye kila tawi, upande ule tu unakotoka upepo. Hilkka ameipiga picha sakitu hiyo tangu akiwa msichana. Ndiyo maana kijiji kilipopiga kura kuuza misonobari mizee ya kilima, mkono wake peke yake ulikataa. Walimcheka mkutanoni. Siku hizi waliocheka walikuwa wanajuta chinichini, lakini mkataba ni mkataba: mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, miti ni ya wakataji.

Asubuhi hiyo Reijo alikuwa amepitia nyumbani kwake kumwomba kwa heshima asiingie tena msituni. Alimkuta ndiyo kwanza anarudi, ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, bado miguuni.

"Umeshatoka huko tayari?"

"Sakitu ya alfajiri si ya mchana," Hilkka alijibu, akamkaribisha ndani, akamwekea mezani glasi ya juisi baridi ya beri. "Kahawa hakuna."

Reijo aliduwaa. Huku kwetu hata aliyekuja kukunyang'anya ng'ombe hunywa kahawa kwanza, ndipo akamfungua.

"Tangu lini nyumba hii ikakosa kahawa?"

"Tangu mlipoleta mashine."

Aliinywa juisi hiyo, meno yakamuuma, akajua ametukanwa. Akaenda kuwasha mashine. Alipofika kilimani, bibi alikuwa ameshamtangulia kwa njia ya mkato, na sasa amelala pale pale miti ya kwanza ilipopangwa kuanguka.

Dereva, Tarmo, alitoa kichwa dirishani. "Piga haraka, bibi. Kesho sakitu utaipigia picha kwenye friji."

"Na wewe kesho utapiga miayo. Punguza hiyo mashine, inanitikisia picha."

"Nitawaita polisi," Reijo alisema.

"Waite. Waambie waje na ski, gari halipandi huku." Hilkka alijigeuza ubavu na kumnyooshea kamera. "Lakini tazama kwanza nilichopata, ndipo uniburute. Ukiwa na ubavu huo."

Reijo alichuchumaa, ili mradi yaishe. Picha ya kwanza, tawi. Ya pili, tawi. Sakitu nzuri, hakuna wa kubisha, yote imeota upande mmoja. Ya tatu ilimfanya avue glavu.

Ilikuwa picha ya tundu dogo kwenye theluji, chini ya mizizi ya msonobari ulioanguka. Fuwele ndefu zilikuwa zimelizunguka tundu hilo pande zote, nene, zimejipanga mdomoni mwake kama meno.

"Hii umeipigia wapi?"

"Hapo mbele ya pua yangu."

Sakitu ya ukungu haizunguki. Babu yake Reijo alikuwa mwindaji kwenye vilima hivi, na alimfundisha jambo hilo kabla hajajua kusoma: ukiona shimo limeota sakitu pande zote, ujue kuna pumzi inayotoka chini. Alinyanyua macho. Pale chini ya mizizi, uzi mwembamba wa mvuke ulipanda ukapotea.

Reijo alishusha sauti. Mnyama yule akiwa amelala usingizi wake wa majira ya baridi, msituni hatumtaji jina.

"Tarmo, zima. Mzee yumo humu."

"Mzee gani?"

"Yule wa kiganja cha asali."

Injini ilizimwa papo hapo; huku hakuna asiyejua kwamba huyo ni dubu. Tarmo akafunga na dirisha.

"Mimi mambo ya wanyama siyajui," Hilkka alisema, bado amelala. "Napiga picha sakitu tu. Labda ni upepo."

"Upepo gani unatoa mvuke, mama? Rudi nyuma polepole."

"Sibanduki hapa. Kateni tu, si mna mkataba?"

Reijo alijikuna kichwa. Mzee akilala mahali, kwa sheria mashine haisogei karibu mpaka aamke mwenyewe, na huwa haamki kabla ya mwezi wa nne. Mkataba utakuwa umekufa, na kijiji kilivyokuwa kinajuta, kisingewaongezea hata siku moja.

"Nitumie hiyo picha," alisema mwishowe, kinyonge. "Ofisini hawataniamini."

"Mwenye macho haambiwi tazama. Nitakutumia zote."

Waliisukuma wenyewe mashine ya Tarmo mpaka ikashika mteremko, injini imezimwa, wasije wakamwamsha. Reijo alitembea kwa ncha za vidole mpaka barabarani.

Hilkka hakuinuka mpaka kilima kilipotulia kabisa. Alipiga picha moja zaidi, maana kweli ilikuwa nzuri. Kisha alitambaa mpaka kwenye tundu, akazivunja fuwele kwa kiwiko, akaingiza mkono hadi begani na kulitoa birika lake la kahawa, limeviringishwa ngozi ya kondoo.

Maji yalikuwa bado ya moto.