Omari Karoti Afuta Michezo

"Futa," alisema Sabra. "Yote. Nikiona kwa macho yangu."

Omari aliishika simu kama mtu aliyeambiwa achinje mbuzi aliyemlea mwenyewe. Walikuwa wamesimama nyuma ya soko la Lushoto, karibu na magunia ya kabichi, na zilibaki siku mbili tu aende Kwai kujitambulisha kwa baba yake Sabra.

Mzee Rashidi alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Kwa maelezo ya bintiye, hakuwahi kucheka ila kwa bahati mbaya, na siku hizi kila jioni alijifungia chumbani na majalada yake ya zamani, hata mkewe haruhusiwi kugonga. Mchumba wa kwanza alimtimua kwa sababu simu yake ililia mlio wa mchezo katikati ya dua.

"Akikukataa na wewe, mimi basi," Sabra alisema. "Nitaozwa kwa yule mgane wa Soni mwenye meno matatu."

Omari alimpenda Sabra kwa moyo wote, tena bila aibu. Akaanza kufuta.

Wa kwanza kwenda ulikuwa mchezo wa kilimo. Huo hakuusikitikia. "Karoti zinakomaa kwa dakika nne! Hakuna mvua ya mawe, hakuna fuko, hakuna dalali. Aliyeutengeneza hajawahi kushika jembe, nakuapia." Na alijua alisemalo, maana kijijini kwao Mlola watu wote walimwita Omari Karoti kwa ukubwa wa karoti zake, na jina hilohilo ndilo alilolitumia kwenye kila mchezo.

Wa pili ulikuwa wa malori. "Barabara imenyooka mwanzo mpaka mwisho. Wangepandisha kutoka Mombo na fuso lililojaa viazi, ndiyo wangejua dereva ni nani." Akafuta.

Ukabaki wa mpira. Hapo kidole kiligoma.

"Na huu?"

"Huo ndio ungeanza nao."

Tatizo lilikuwa Nyigu. Kwa miezi mitatu huyu Nyigu, mtu asiyemjua sura wala sauti, alikuwa akimfunga mtandaoni kila jioni. Na sharti lao lilikuwa lile la vijiweni: anayefungwa anamwamkia mwenzake, awe mkubwa, awe mdogo. Omari alikuwa ameandika shikamoo nyingi mpaka simu ikawa inaimalizia yenyewe. Kila mara Nyigu alijibu, "Marahaba, kijana. Beki wako wa kulia amelala." Aliandika kwa nukta na mkato, na Omari akiandika "xaxa" alisahihishwa papo hapo. Omari aliamini ni kitoto cha kidato cha kwanza, ndiyo kwanza kimefundishwa alama za uandishi. Kuamkia kitoto kila jioni kulimuuma kuliko kufungwa kwenyewe.

"Niachie mpaka kesho," alibembeleza. "Nimfunge mara moja tu, nioe kwa amani."

Sabra alimtazama kwa huruma ile anayopewa mgonjwa. "Kesho, basi. Na keshokutwa baba akikuuliza, hujawahi kucheza maishani mwako. Umesikia?"

Kesho yake jioni Omari alishinda, matatu kwa mawili, goli la mwisho likiingia dakika ya tisini. Aliruka mpaka akaangukia tuta la vitunguu.

"Nipe shikamoo yangu!" aliandika. "Tena usiniandikie, nataka ya mdomo! Ukifika Mlola ulizia Omari Karoti. Mlete na baba yako, naye ataniamkia!"

Nyigu akajibu. "Nitakuamkia kwa mdomo. Turudiane kesho."

"Kesho naenda ukweni. Mzee mwenyewe kauzu, hapendi michezo. Naufuta leo leo."

"Basi, kila la heri. Usimdanganye mzee wa watu."

Omari akaufuta. Roho ilimuuma, lakini angalau aliondoka mshindi.

Kule Kwai sebule ilikuwa imejaa wazee. Omari alitoa shikamoo mlangoni, ameinama mpaka kofia ikataka kumdondoka, kisha akakaa ukingoni mwa kochi. Mshenga wake, Mzee Dotto, akamwaga sifa: anaswali, hanywi, hana deni, na shamba lake linaonekana toka barabarani.

"Mlola hakuna asiyemjua," alimalizia. "Wanamwita Omari Karoti."

Mzee Rashidi, koti zito juu ya kanzu, aliweka kikombe cha chai chini.

"Wewe ndiye Omari Karoti?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Unacheza michezo ya simu?"

Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

"Hapana, mzee. Sijawahi maishani mwangu."

Mzee Rashidi alimkazia macho, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Kijana," alisema, "nimewasikiliza waongo mahakamani miaka thelathini. Wewe hata kiwango cha kuanzia hujafika."

Mzee Dotto alianza kutafuta viatu vyake kwa macho. Omari alimwona Sabra anakwenda Soni hivi hivi, kwa yule wa meno matatu, na machozi yakamlenga mbele za watu.

Mzee Rashidi akainuka taratibu. Akaweka kofia yake sawa, akavuka mkeka mpaka mbele ya Omari, na wazee wote wakiangalia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mkwe."