Kibao cha Mlangoni

Kila asubuhi Mwalimu Kihwele alitundika kibao chenye kamba kwenye msumari wa mlangoni, kisha akafuta ubao. Mwanafunzi aliyesema Kiswahili darasani alikivaa shingoni mpaka jioni, na wenzake wakamwita mbuzi wa mnada.

Leo, ubao ukiwa bado haujafutwa, Siwatu alihisi vidole vya Hidaya vikimbana mkono chini ya dawati. Hidaya, rafiki yake, alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alihema kwa shida.

Siwatu akasimama. Alitafuta neno la Kiingereza la kifua, likamjia la goti.

“Unataka kwenda chooni?” mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza. Darasa likacheka.

Siwatu akatikisa kichwa. Machozi yakamlenga.

“Mbuzi wetu huyo,” mtu akanong’ona nyuma.

Kichwa cha Hidaya kikalala juu ya dawati. Siwatu akaenda mlangoni, akakitoa kibao msumarini, akajivika mwenyewe.

“Mwalimu, Hidaya kifua kimembana, hapati hewa,” akasema. “Naomba tumpeleke hospitali sasa hivi. Hiki nitakivaa hata mpaka tufunge shule.”