Sifongo ya Bi Mwanakombo

Bi Mwanakombo, kungwi aliyewaogesha maharusi wote wa mtaa ule, aliingia uani bila kupiga hodi. Wanawake waliokuwa wakimwandaa bi harusi wakageuka. Tangu ashikwe na saratani ya titi walishamkatia tamaa, na leo walikuwa wamemwita kungwi mwingine.

"Pumzika, Bi Mwanakombo," mama wa bi harusi alimwambia kwa upole. "Unaumwa."

"Nilikuwa naumwa." Akavua mtandio. Kichwa kilikuwa kipara kitupu, kinameremeta. "Jana daktari kaniambia uvimbe umekwisha. Dawa waliyonitia mshipani asili yake ni sifongo ya baharini. Nami nimeishika miaka yote, nikidhani kazi yake ni kutoa taka tu."

Kungwi mgeni akainuka, akampisha kwenye kigoda.

Bi Mwanakombo alimwogesha binti taratibu kwa sifongo. Alipomaliza, mama akanyoosha mkono aichukue sifongo, maana ikishamwogesha bi harusi hutupwa. Bi Mwanakombo hakuitoa. Aliichovya kwenye maji ya mawaridi, akaiweka utosini pake mwenyewe, akaikamua kwa mikono miwili. Maji yakamteremka mashavuni, shingoni, mpaka kifuani.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa bi harusi, ambaye siku hiyo hakutakiwa hata kuinua macho.