Kigari cha Tikiti

Mikono ya Mama Bosi ilikuwa imelowa maji ya tikiti mpaka kwenye viwiko, ndiyo maana mwanawe alipolia hakuweza kumchukua.

"Usihangaike, mwenzangu," alisema Kicheko, tayari ameshainamia kapu alimolazwa mtoto. "Wewe malizia kazi. Bosi ananijua."

Kweli alimjua. Mtoto alikuwa na miezi mitatu, na jina la Bosi walimpa kwa kuwa nyumba nzima ilifuata amri zake. Mama yake hakumpa mtu ambebe, hata mawifi. Nao walimcheka: "Huyo mtoto utamvaa mpaka lini? Mvue basi, tumfue." Yeye hakucheka. Alikuwa amempata kwa tabu, ameshakata tamaa, na hofu ya kumkosa ilikuwa haimtoki rohoni hata akiwa usingizini.

Kicheko peke yake ndiye aliyepenya. Walikutana kwenye foleni ya kliniki, mmoja na mtoto wa chanjo, mwingine na tumbo lililotangulia mbele ya gauni. Kicheko alikuwa mgeni mtaani, mume yuko kazini mbali, ndugu hana. Alikuwa akicheka kabla hujamaliza kusema, na kuuliza alikuwa hachoki: Bosi analala upande gani, akilia hivi anataka nini, anatulizwa kwa wimbo upi. "Najifunza kwako, dada," alikuwa akisema. Ni yeye pia aliyeshauri Bosi azoeshwe chupa. "Siku ukiugua je? Bosi wetu afe njaa?"

Basi alipoomba pambo la kuliwa la kuweka mezani siku ya sherehe ya kumkaribisha mwanawe, Mama Bosi alisema atamwokea keki nyumbani aje nayo.

"Keki tumezizoea," Kicheko alikataa. "Nataka kile kigari cha mtoto cha tikiti ulichonisimulia. Uje unichongee hapa hapa kwangu, kiwe kibichi."

Na kigari cha tikiti hakitaki mikono ya wasiwasi. Unakata na kuondoa robo moja ya juu, ile nyingine ya juu inayobaki inakuwa paa lake. Ukingo unauchonga meno meno. Nyama unaikomba kwa kijiko, madonge madogo madogo, na maji unayakausha, la sivyo krimu inayeyuka. Magurudumu ni vipande vya chungwa vilivyoshikizwa kwa vijiti vya meno, na hapo ndipo penye kazi: mkono mmoja unashikilia, mwingine unachomeka. Ukiachia, kigari kinapinduka.

Sebuleni kwa Kicheko redio iliimba kwa nguvu. Viti vilikuwa vimepangwa, maputo yametundikwa.

"Wageni wako mbona kimya?" Mama Bosi aliuliza.

"Unawajua wanawake na vioo. Wako njiani." Kicheko alimweka Bosi begani, naye akanyamaza mara moja. "Ngoja nikabadilishe nguo, nimlaze kitandani kwangu."

"Amejilowesha huyo. Nguo zake ziko ndani ya kapu."

"Nitamvalisha za mwanangu. Nimenunua kubwa kubwa, watoto hawachelewi kukua."

Mama Bosi alitaka kusema kitu. Lakini gurudumu la mwisho lilikuwa linateleza, akalishika kwa mikono yote miwili. Akajikemea moyoni: hata huyu nisimwamini?

Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akatazama. Kigari kilikuwa kimesimama imara. Ndani, juu ya blanketi la krimu, alilala kichanga cha tunda jeupe, macho yake punje za karafuu. Hakuwa amewahi kuchonga kizuri kama kile. Akakibeba taratibu mpaka sebuleni, akakiweka katikati ya meza, akaita: "Njoo uone, mama mtarajiwa."

Redio ndiyo iliyojibu. Akaizima. Akagonga mlango wa chumbani, akafungua. Hakuna mtu.

Amempeleka nje apigwe na upepo, alijiambia, akatoka haraka, krimu bado imemganda vidoleni. Kibarazani hapakuwa na mtu. Jirani wa mlango wa pili alikuwa anaanika nguo, kajifunga kanga kuukuu kifuani.

"Mama, mbona hujajiandaa?" Mama Bosi alimuuliza.

"Nijiandae kwenda wapi?"

"Kwenye sherehe. Ya mwenzetu wa hapa, mjamzito."

"Sherehe gani tena?" Jirani alibana shati kwenye kamba, akageuka akitabasamu. "Huyo si kashajifungua, tena kimya kimya bila kutuambia. Amepita hapa sasa hivi, tumbo hana, na kichanga kimenona utadhani cha miezi mitatu. Nimempa hongera yake, nikamshikia na begi mpaka kwenye teksi."